Kimono Nane za Mama Pindo

Walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo lake halikuonekana. Mteja angeweza kuigeuza sketi ndani nje, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akavaa miwani na kuivua, na bado asijue uzi ulipita wapi. Hapo Mama Pindo alikunja mikono na kusubiri. "Tafuta tu," alisema. "Hata mimi nikishamaliza huwa siuoni tena." Mteja akicheka, yeye alicheka zaidi, na siku hiyo ilikuwa imekwisha vizuri hata kama hajatia kitu mdomoni.

Chumba chake cha kazi kilitazama barabara ya maduka ya nyaya na balbu, kikiwa kimebanwa baina ya fundi simu na muuza rangi. Ndani mlikuwa na cherehani ya miguu iliyobabuka rangi pale kiganja chake kilipozoea kutua, cherehani ya umeme ambayo hakuiamini, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu chenye ufa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameshona humo: sare za shule, makoti ya wauguzi, majoho ya wanaohitimu, magauni ya maharusi waliokuja kupimwa na mama zao na kurudi kuongezewa upana wakiwa wenyewe. Marehemu mumewe alikuwa fundi saa, na kwa miaka mingi walikaa hapo pamoja, kila mmoja ameinamia kazi yake, wakizungumza bila kutazamana.

Ushonaji alifundishwa chuoni na mwalimu mmoja mnene aliyetembea na rula ya chuma. Mwalimu huyo hakuwa na maneno mengi. Alipofika kwenye somo la vifungo alisimama mbele ya darasa na kunguruma: "Mwanamke, kulia juu! Mwanamume, kushoto juu!" Yaani, katika nguo ya kike upande wa mkono wa kulia ndio unaolala juu ya mwenzake, na katika nguo ya kiume ni kinyume chake. Aliyekosea alikula rula vidoleni. Mama Pindo alikosea mara moja tu. Tangu hapo, akikutana na mtu njiani, kabla ya kumtazama usoni alikuwa ameshatazama vifungo vyake.

Mtu mmoja tu sifa hizi zote hazikumwingia kichwani. Huyo alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, karani mstaafu wa mahakama, mwenye sauti iliyozoea kuita majina ya washtakiwa. Siku ya harusi yao alitangaza mbele ya wageni kwamba kaka yake ameoa cherehani, na bibi harusi kapewa kama nyongeza. Tangu siku hiyo alimwita "fundi viraka". Ulikuwa utani wa mawifi, na Mama Pindo aliujibu kwa utani; lakini ulikuwa na ncha, na ncha hiyo ilimchoma kila mara palepale.

Kwa hiyo, mkuu wa huduma wa hoteli kubwa alipoingia chumbani kwake asubuhi moja, akinyanyua miguu kuruka vipande vya vitambaa, jambo la kwanza Mama Pindo aliloliwaza lilikuwa: laiti wifi angekuwa hapa.

Mkuu wa huduma alikuwa mwanamke mwembamba wa kutembea haraka na kuzungumza haraka zaidi. "Tunaanzisha chai ya alasiri ya mtindo wa Kijapani," alisema. "Nahitaji kimono nane za wahudumu. Picha hii hapa. Ila ziwe rahisi kuvaa, fundi. Hao wasichana hawana nafasi ya kufunga na kufungua mikanda saa nzima."

"Niletee wasichana wenyewe," alisema Mama Pindo. "Mimi sishonei picha, nashonea miili."

Wasichana wakaletwa, wakapimwa mmoja mmoja mbele ya kioo chenye ufa, wakataniana kuhusu viuno vyao. Mmoja, mrefu mwenye kidoti shavuni, ndiye aliyechaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya siku mbili ili aje kuwafundisha wenzake namna ya kuinama, kumimina chai na kuvaa. Alikuwa mtaratibu. Aliokota pini zilizoanguka sakafuni bila kuambiwa.

Walipoondoka, Mama Pindo aliichukua ile picha, akaisogeza chini ya taa. Mwanamke wa Kijapani alisimama kwenye daraja dogo, mikono imefichwa kwenye mikono ya kimono. Mama Pindo akamtazama mara moja, akatikisa kichwa na kucheka peke yake. Upande wa kushoto ulikuwa juu.

"Hawa nao," alimwambia fundi simu, aliyekuwa amekuja kuazima mkasi. "Wamemvisha mwanamke shono la kiume."

"Labda ndivyo wanavyovaa."

"Wapi! Mpiga picha kaigeuza picha. Wewe rudi kwenye simu zako."

Akazishona kulia juu. Na kwa kuwa aliambiwa ziwe rahisi kuvaa, alishona kamba za ndani zisizohama, akatoboa kwenye mshono wa ubavu wa kulia tundu dogo la kupitishia kamba. Msichana alikuwa na njia moja tu ya kuifunga, na hakuna aliyeweza kukosea. Usiku wa sita alipomaliza pindo la kimono ya nane, aliipitisha taa juu yake na hakuuona uzi.

Hoteli iliridhika sana. Zaidi ya ujira wake ilimletea kadi nene ya rangi ya maziwa: anakaribishwa, yeye na mgeni mmoja, kwenye chai ya alasiri siku ya ufunguzi. Mabinti zake wawili walisubiri kusikia nani atachaguliwa. Aliposema wifi, walitazamana. Hawakujua kwamba mama yao alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu kabla hawajazaliwa.

Wifi alikuja amevaa kilemba cha zambarau. Mlinzi wa hoteli aliwafungulia mlango, na zulia likameza sauti ya viatu vyao. Ukumbi ulikuwa na madirisha marefu, vyungu vyenye matawi makavu yaliyopangwa kwa ustadi, na meza fupi fupi za mbao nyeusi zilizong'arishwa mpaka mtu ajione. Walipewa meza ya dirishani. Kabla hawajakaa vizuri, msichana mwenye kidoti alikuja, akaunganisha viganja mbele ya mapaja na kuinama.

"Shikamoo, mama. Karibuni." Akainua macho, akatabasamu, akaongeza kwa sauti ya chini: "Zimetukaa, mama. Wageni wote wanauliza."

"Marahaba, binti. Geuka nikuone." Msichana akageuka. Kitambaa cha buluu kilianguka kutoka begani hadi kisiginoni bila kukunjamana hata mara moja. Mama Pindo alimtazama wifi yake. Wifi alikuwa anatazama pindo, tena kwa makini.

Chakula kililetwa kwenye kasha la droo tatu. Droo ya juu ilikuwa na vipande vya mkate mweupe visivyo na ganda, vyenye tango lililokatwa nyembamba kama karatasi. Ya kati ilikuwa na keki za kijani, na ya chini vitamutamu vya unga wa mchele, laini, mviringo, vyeupe na waridi. Chai yenyewe ilikuwa ya unga wa kijani, ikakorogwa mbele yao kwa kifagio kidogo cha mwanzi mpaka ikatoa povu.

Wifi alionja. Uso ukamjikunja. "Wifi, hii si dawa ya minyoo?"

"Kunywa taratibu. Unaonja, halafu unang'ata tamu."

"Na hiki? Kinanibonyea kama shavu la mtoto."

"Ndivyo kilivyo. Usikitie kwenye pochi, nakuona."

"Nampelekea mjukuu!" Wakacheka mpaka wifi akafuta macho kwa kitambaa cha meza. Kisha akaegemea kiti, akawatazama wasichana wanane wakipita baina ya meza, na akasema kwa taabu, kama mtu anayeng'olewa jino: "Haya. Kwa hili, nimekubali. Umeshona, fundi."

Si fundi viraka. Fundi. Mama Pindo aliiacha chai ipoe ili ladha ya neno hilo isiondoke. Na hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Badala yake kichwa kilimvimba, akainamia mezani.

"Nikuambie siri? Picha waliyoniletea ilikuwa imekosewa. Upande wa kushoto juu, nguo ya mwanamke! Mtu mwingine angefuata tu. Mimi nikaona, nikawanyooshea."

"Uliwaambia?"

"Nani ataelewa? Mtu wa vikombe ataelewa mashono?"

Alikuwa bado anafurahia maneno yake mwenyewe wakati wageni watatu walipoketishwa meza ya pili. Walikuwa kijana wa Kijapani, mkewe, ambaye alikuwa mtu wa hapa hapa, na mama yake kijana, bibi mwenye umbo dogo na nywele nyeupe aliyekuja kumtembelea mwanawe. Ilionekana wazi kwamba mkamwana ndiye aliyepanga mambo, ili bibi aonje kitu cha kwao. Bibi alikuwa akitabasamu tangu mlangoni.

Msichana mwenye kidoti aliwaendea, akainama.

Tabasamu la bibi likakatika. Alimtazama msichana kifuani, kisha akamtazama wa pili aliyekuwa akipita, na wa tatu. Akaweka kiganja mdomoni. Baada ya kitambo akainuka, akamsogelea msichana kwa upole, akashika ukingo wa kimono na kujaribu kuugeuza, upande wa chini aulete juu. Kamba zikamzuia. Akajaribu tena. Akaiacha mikono yake ishuke, akasema maneno machache kwa mkamwana wake.

Mkuu wa huduma alikuwa ameshafika, mbio mbio. "Kuna tatizo, dada?"

"Samahani sana," alisema mkamwana, akijitahidi kushusha sauti, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza. "Mama anasema nguo zimefungwa kinyume. Kwao, mtu aliye hai, awe mwanamke au mwanamume, kushoto huwa juu. Kulia juu huvishwa maiti." Akasita. "Mwaka juzi alimvisha baba mkwe hivyo, alipofariki. Ameshtuka tu. Hamkukusudia, anajua."

Mama Pindo alisikia kila neno. Aliwatazama wasichana wake wanane, wamesimama na sinia zao katika mwanga mzuri wa alasiri, wamevaa vazi la kuzikwa lenye pindo lisiloonekana.

Mkuu wa huduma alimgeukia msichana. "Si wewe uliyepelekwa mafunzoni? Siku mbili nzima! Hawakukuambia upande gani unakuwa juu?"

"Waliniambia, mkuu. Lakini nguo yenyewe inakataa."

"Nguo inakataa! Nguo ina mdomo?"

"Ukitaka kuifunga vile, kamba..." Msichana alisimama hapo. Macho yake yalitoka kwa mkuu wa huduma, yakavuka meza mbili, yakatua kwa Mama Pindo. Hayakuwa na lawama. Yalikuwa yanangoja.

Mama Pindo akakishika kikombe chake na kutazama ndani.

"Kamba nini? Malizia!"

"Hakuna, mkuu," alisema msichana. "Nisamehe."

"Wote, nendeni mkavae mashati meupe. Wewe nenda nyumbani mpaka nitakapokuita."

Wasichana walitoka kwa safu, na ukumbi ukaanza tena kunong'ona. Mkuu wa huduma alimwomba radhi bibi, akamwomba radhi mkamwana, kisha, akiwa njiani kurudi, akapita meza ya dirishani na kuinama sikioni mwa Mama Pindo. "Unaona, mama? Kazi yako nzuri hivi, wanakuja kuiharibu kwa kuvaa ovyo. Nisamehe mimi."

Ilikuwa nafasi safi kabisa. Angehitaji sentensi moja. Mbele yake alikaa wifi, mwenye masikio ya mahakamani, ambaye robo saa iliyopita alikuwa amesema neno alilolingoja maisha mazima.

"Watazoea," alisema Mama Pindo.

Mkuu wa huduma akaenda zake.

Mama Pindo alibaki akisubiri. Alijua kitakachofuata: wifi ataegemea kiti, atakohoa kidogo, na atatoa kitu ambacho kitasimuliwa kwenye kila shughuli ya ukoo kwa miaka ishirini. Mshona sanda. Cherehani ya makaburini. Alijikaza, akaona afadhali kije haraka, kiishe.

Hakikuja. Wifi aliichukua sahani yenye vile vitamutamu vya mwisho, akaisogeza polepole mpaka ikagusa vidole vya Mama Pindo.

"Kula, wifi," alisema, kwa sauti ambayo Mama Pindo hakuwahi kuisikia ikitoka kwake, sauti ya kumbembeleza mgonjwa. "Kula tu. Vitabaki bure."

Kumbe angeweza kuivumilia dhihaka. Huruma ile ilimvua nguo. Aliona kwamba wifi alikuwa ameelewa yote, la kimono na la msichana pia. Na kwamba kwa lile la kwanza angemtania mpaka kufa, lakini kwa lile la pili hakuwa na utani. Akainuka, kiti kikapiga kelele sakafuni.

"Unakwenda wapi?"

"Nishikie pochi."

Alimkuta mkuu wa huduma kwenye ujia wa nyuma, penye harufu ya sabuni na mvuke wa vyombo, akihesabu mashati meupe. Kuingia tu akasema, maana alijua akivuta pumzi ataahirisha: "Si wao. Ni mimi."

"Mama, rudi ukanywe chai. Nimeshamalizana nao."

"Nisikilize. Picha uliyoniletea ilikuwa sahihi. Niliiona. Nikajifanya najua kuliko picha, nikageuza. Na nikashona kamba ili zisifungike namna nyingine. Huyo binti asingeweza kuivaa sawasawa hata angelala nayo. Na uliponijia pale mezani, nikakuongopea."

Mkuu wa huduma aliacha kuhesabu. Mashati yalikuwa yamening'inia mkononi mwake. "Ungeniuliza tu," alisema. "Neno moja. Ningempigia simu mtu akaniambia."

"Najua."

"Tulikukaribisha kama mgeni wetu, mama."

"Najua, mwanangu."

Hakugombezwa zaidi ya hapo. Akaomba kimono zote, wembe, sindano na uzi wa buluu. Wakampa kiti katika chumba cha kubadilishia nguo, baina ya makabati ya chuma, na wasichana saba katika mashati meupe wakawa wanaingia na kutoka, wakinyamaza kila walipoingia. Kazi ilikuwa kufumua kamba, kuziba tundu la kulia, na kutoboa la kushoto. Kwa kitambaa kile, tundu lililozibwa haliwezi kufichika. Alishona kadiri ya ujuzi wake wote, na kila alipomaliza moja alama ilibaki ubavuni, ya ukubwa wa ukucha, mtu yeyote angeiona. Alizipanga zote nane mapajani. Msichana mmoja akaja kuchukua yake, akaitazama ile alama, akasema, "Ahsante, mama," bila kumwangalia.

Mkuu wa huduma akaingia akiwa na simu sikioni. "Nimempata. Nimemwambia kesho arudi kazini kama kawaida. Nimemweleza pia kwa nini." Akasita. "Anasema kama upo, anataka kukusalimia."

Mama Pindo alifuta viganja kwenye gauni lake kabla ya kuipokea.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya msichana. Nyuma yake palikuwa na honi za magari. Bado alikuwa barabarani.

"Marahaba, binti." Maneno mengine aliyokuwa ameyaandaa yalimpotea yote. Likabaki swali tu. "Mbona hukunitaja? Ulijua. Ungeninyooshea kidole pale pale."

"Ulikuwa na mgeni wako, mama," alisema msichana, taratibu, kana kwamba ndiye mkubwa. "Nilijua utasema mwenyewe."

Honi zikapita. Mama Pindo akamrudishia mkuu wa huduma simu yake, akatoka. Mezani, wifi alikuwa bado amekaa wima na pochi mbili mapajani. Alipomwona anarudi, macho mekundu na nyuzi za buluu zimemganda kifuani, alisimama, akampukuta nyuzi zile moja moja, mbele ya watu wote, kisha wakatoka.